Anko, mimi ni mashoto: nivumilie kulia au nigeuze gitaa?

Anko shikamoo,

Mimi ni binti wa miaka 23, niko Morogoro, nasuka nywele saluni. Najua wengi wanakuandikia maswali ya wajuzi, sijui ampu gani nzuri, sijui solo inaingiaje, la kwangu ni la chini kabisa ila linaninyima raha. Mimi ni mashoto. Yani mashoto wa kweli, nafagia kushoto, nakata kitambaa kushoto, ngoma napiga kushoto, na kusuka ndo usiseme, mteja akikaa lazima nizunguke upande ambao wenzangu hawasimami. Kuandika tu ndo naandika kulia, na hiyo ni kwa sababu darasa la kwanza ukionekana na kalamu mkono wa kushoto unachapwa vidole. Na kula nakula kulia kama kila mtu, bibi hakuwa na mchezo na hilo.

Sasa kaka yangu alinipa gitaa lake, lile la mbao la nyuzi za chuma. Nikalishika nilivyojisikia, shingo ikaenda mkono wa kulia, kwa hiyo nyuzi nene zikawa chini nyembamba juu, mi hata sikujua kama ni kosa. Nikawa najitafutia mwenyewe uzi mmoja mmoja nikapata mapambio mawili matatu, nikaona kumbe naweza. Nikaenda kwa mwalimu wetu wa kwaya ya vijana anifundishe kodi, zile sauti za nyuzi kadhaa zinazolia pamoja. Akaniangalia, akacheka, akasema umeshika kinyume, geuza. Nikageuza. Anko, ilikuwa aibu. Vidole vya kushoto vinabonyeza vizuri tu hadi yeye mwenyewe alisifu, ila huu mkono wa kulia kukung'uta unakuwa kama wa kuazima, unashuka unasahau kupanda, wimbo tunauanza pamoja wenzangu wanamaliza mimi bado niko ubeti wa pili. Mwalimu anasema nivumilie nitazoea, hakuna gitaa la kushoto, na gitaa la kwaya lenyewe ni moja tunaachiana, sasa nikizoea kushoto nitapigia nini.

Kijana mmoja anayepiga besi pale kanisani akaniambia achana naye, geuza nyuzi tu, nene ije juu nyembamba ishuke chini, mbona wenzio wanafanya. Tukageuza. Mwanzoni nilifurahi sana maana mkono wa kushoto unatembea wenyewe siuambii kitu. Lakini sasa gitaa ndo linaumwa. Ule uzi mwembamba wa mwisho unalia zzzz, ule mnene haukai kwenye kijinafasi chake kule juu shingoni nikikung'uta kwa nguvu unaruka, na nikityuni kwa simu vizuri kabisa kodi za mwanzo wa shingo zinakubali, nikipanda katikati zinakuwa chungu hazisikiliziki. Mwalimu kaliona akasema nimeliharibu, mbao itapinda. Mama naye kasikia kaongeza lake, "mkono wa kushoto tena madhabahuni?"

Anko nimeliharibu kweli? Nivumilie kulia? Au nirudi kupiga kinyume kama nilivyoanza, nyuzi zikae zilivyo, maana nasikia wapo wakubwa huko nje wanapiga hivyo? La kushoto la dukani siwezi, nimeulizia, wanasema hadi liagizwe na bei yake sitaki hata kuikumbuka.

Mashoto wa Moro

*

Marahaba mwanangu,

Hujaliharibu. Hilo nalitoa kwanza ulale vizuri. Nyuzi sita ukizigeuza ni zile zile sita, mzigo unaovuta shingo kwa jumla ni ule ule, umehamisha tu uzito toka upande mmoja kwenda mwingine na gitaa la kawaida linavumilia hilo bila tabu. Mbao inapinda kwa jua, kwa gitaa kuachwa ndani ya gari, kwa nyuzi nzito kupita kiasi. Hizo kelele unazosikia zina sababu yake na ntakuja huko, ila kwanza tumalize la mkono maana tukitengeneza gitaa kabla hujajua unapiga mkono gani tutakuwa tunachoma hela.

Watu wengi wakiambiwa mtu ni mashoto wanaangalia mkono unaobonyeza, kwa sababu ndo unaoonekana una kazi, vidole vinakimbia vinapanda vinashuka. Mwalimu wako naye kaangalia huko huko, kaona vidole vya kushoto vinabonyeza vizuri akajua tayari. Na kuna hoja moja utaikuta sana, kwamba mashoto akipiga kulia ana bahati kwa sababu mkono wake mjanja ndo uko kwenye shingo. Hoja hiyo sio ya kipuuzi, mpiga gitaa maarufu Mark Knopfler ni mashoto anapiga kulia, na mwenzake marehemu Gary Moore hivyo hivyo, na hakuna wa kuwaambia wamekosea. Ila mimi kwa kukaa na wanaojifunza naona mkono wa shingoni unafundishika. Kila mtu anaanza na vidole vizito, vinauma, vinakosa uzi, baada ya muda vinakubali, awe mashoto awe nani. Mkono wa kukung'uta ndo wenye mapigo, ndo unaojua wimbo unakwenda wapi, na mapigo yakikataa mkono huo hata ubonyeze vizuri vipi hakuna muziki hapo. Msikilize marehemu Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga kule Kongo, mkono wake wa kulia alikuwa anatumia gumba na kidole cha shahada tu, viwili, na unasikia besi, unasikia sauti ya juu, unadhani wako watu wawili. Gitaa lake liko kwenye ule mkono.

Sasa soma tena barua yako. Wewe mwenyewe umeandika kubonyeza kushoto sio tabu, tabu ni kulia kunakosahau kurudi. Umeandika tena ukigeuza kushoto kunatembea wenyewe hukuambii kitu. Ngoma unapiga kushoto. Jibu ulikuwa nalo ila limefichwa na maneno ya watu. Kalamu isikudanganye, hiyo ulichapwa, na kijiko nacho ni malezi. Paul McCartney wa Beatles alianza na gitaa la kulia akawa haelewi kwa nini mkono wake haushiki mapigo, mpaka akaona picha ya mwimbaji mmoja wa Marekani, Slim Whitman, kashika gitaa kushoto, ndo akageuza nyuzi za la kwake na mambo yakafunguka. Akawa hivyo mpaka leo.

Kwa hiyo mimi nasema piga kushoto. Ningekuwa na mtu mwingine ambaye mikono yote miwili inamkubali sawa ningemwambia nenda kulia haraka sana, kwa sababu moja tu, magitaa ya dunia hii yametengenezwa kulia, ukienda harusini ukakuta bendi ukitaka kuomba uguse kidogo utakuta la kulia, ukitaka kununua la mtumba ni la kulia. Hiyo gharama utaibeba na sikufichi, itakuudhi mara nyingi. Ila ni nafuu kuudhika kwa kukosa gitaa la kuazima kuliko kuudhika kila siku na mkono wako mwenyewe.

Tuje kwenye zzzz. Angalia kile kipande chembamba cheupe kule juu, mwisho wa shingo kabla ya vichwa vya kukazia. Kina mifereji sita, na kila mfereji umechongwa kwa unene wa uzi wake. Ulipogeuza, uzi mwembamba umekwenda kukaa kwenye mfereji mpana wa uzi mnene, unacheza humo ndani na unalala chini mno, ndo huo mlio. Na mnene umepelekwa kwenye kamfereji kembamba, hauingii, umekaa juu juu tu, ukikung'uta unaruka. Kukupa picha, uzi mwembamba wa kawaida wa gitaa kama lako ni wa 12 na mnene ni wa 53 (ni sehemu za elfu za inchi), yani mmoja unene wake ni zaidi ya mara nne ya mwenzake, hapo hakuna kubembelezana. Dawa ni kutoa hicho kipande na kuweka kingine kilichochongwa kwa mpangilio wa kushoto. Wengi wamekigandisha kwa gundi kidogo tu, fundi anakigonga taratibu kinatoka. Vizuri kabisa vinachongwa kwa mfupa wa ng'ombe, kwa hiyo hata kama huko hakuna fundi wa magitaa, fundi yeyote mwenye mkono mtulivu na tupa ndogo ndogo anaweza, mradi umpe kile cha zamani akipime na umwambie mifereji iwe kama inavyoonekana kwenye kioo cha kujitazama, ya kulia ije kushoto. Asichimbe sana. Akichimba kidogo anaongeza, akichimba sana mnaanza upya.

Hizo kodi chungu za katikati ya shingo ni kitu kingine na hapa ndo pagumu. Angalia kwenye briji, pale chini nyuzi zinapoishia, utaona kile kijiti cheupe nyuzi zinapolalia. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma hakikukaa sawa, kimelala upande kidogo. Hawajakosea. Uzi mnene unataka urefu zaidi kidogo ili ukibonyeza juu sauti isipande kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo upande wake wamekisogeza nyuma. Wewe umeuleta mnene upande mfupi, ukibonyeza unapanda kupita, na mwembamba umekwenda upande mrefu, unashuka. Ndo maana simu inakwambia uko sawa ukiwa hujabonyeza kitu, ukianza kupanda kila uzi unakwenda kwao. Jaribu hivi, uguse uzi mnene kwa ncha ya kidole tu juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo) bila kubonyeza, upige usikie ule mlio kama kengele, halafu ubonyeze kabisa pale pale upige tena. Zinatakiwa ziwe sauti moja. Zako hazitakuwa.

Kulitengeneza hilo ni kuziba ule mfereji wa briji na kuchimba mwingine umelala upande wa pili, na kwa gitaa la bei ya kawaida siwezi kukushauri, utalipa kazi inayokaribia bei ya gitaa lenyewe. Kwa sasa ukiweka kile kipande kipya cha juu tu, kelele zitaisha na kodi za freti tatu nne za mwanzo zitakuwa nzuri za kutosha, na mapambio mengi hayatoki nje ya hapo. G, C, D na Em unaimba ibada nzima.

Ila nisikilize, ukipata mtu wa kubadilishana naye, tafuta la nyuzi za nailoni. Lile la shingo pana wanalojifunzia watoto. Mengi ya hayo kile kijiti cha kwenye briji kimenyooka hakijalala upande, kwa hiyo ukigeuza nyuzi na kubadilisha kipande cha juu umemaliza, linapiga sawa mpaka juu, na vidole vyako vitakushukuru maana nailoni ni laini. Wengi wanaolihitaji la chuma watakubali kubadilishana bila hata kuongeza. Kabla hujakubali chungulia hicho kijiti kwa macho yako. Na ukishalipata asije mtu akakushauri ulifunge nyuzi za chuma ili lilie kwa nguvu, zinavuta sana, briji inang'oka na ubao wa juu wa gitaa. Ukija kuwa na hela baadaye ukataka la umeme, hayo mengi kila uzi una skrubu yake ya kusogeza mbele na nyuma kwenye briji, kwa hiyo hata la kulia linageuzwa likakubali. Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa wa Marekani, alikuwa anapiga magitaa ya umeme ya Stratocaster ya kulia kayageuza nyuzi, vitufe vyote vikiwa juu karibu na kiwiko, na alikuwa anapiga vile tulivyosikia.

Swali lako la kupiga kinyume bila kugeuza nyuzi. Ni kweli wapo. Albert King, yule mzee wa bluzi, nyuzi nyembamba zilikuwa juu kwake na alikuwa anazivuta kwenda chini, ndo maana sauti yake wengi wanaiga hawaifikii. Elizabeth Cotten, bibi wa North Carolina, alijifunza hivyo peke yake akiwa mtoto, besi anapiga kwa vidole na wimbo kwa gumba, kinyume na dunia nzima, na mwaka 1985 akapewa tuzo ya muziki ya Grammy akiwa na miaka 90 hivi. Na kuna faida ambayo hakuna aliyekuambia, ukipiga hivyo gitaa lolote ni lako, hata hilo moja la kwaya unalipokea kwa mwenzio unaligeuza unaendelea. Hii ilinifanya nifikirie mara mbili. Lakini kodi utakuwa unazibuni mwenyewe, zipo ambazo vidole havifiki kabisa, mwalimu hawezi kukuonyesha, na ukikung'uta kwenda chini uzi mwembamba unasikika kwanza badala ya besi. Wewe unataka kupiga na kwaya, na una hamu ya kufundishwa, sio kujifungia. Hapana. Vile vinyimbo vyako vya uzi mmoja mmoja endelea navyo kwa kujifurahisha ukipita mahali ukakuta gitaa la mtu.

Mwalimu wa kwaya usigombane naye, mtu anayekubali kukufundisha bure ni wa kutunza. Mwambie akae mbele yako mtazamane. Wenzio wakikaa hivyo wanachanganyikiwa lazima wageuze kichwani, wewe unamwona kama unajiona kwenye kioo cha saluni, anachofanya ndo unachofanya. Michoro ya kodi kwenye vitabu ndo itakusumbua kwa sababu imechorwa kwa ajili ya wa kulia, ila programu nyingi za kodi za simu zina mahali pa kuchagua mkono wa kushoto, ichague mara moja usahau. Zile tabu za gitaa, yani nyimbo zilizoandikwa kwa mistari sita na namba, hazibadiliki, zisome kama zilivyo. Na mkipanga mstari siku ya kupiga, mwambie akuweke mwisho kabisa upande wako wa kulia, shingo ya gitaa lako itatoka nje na ya mwenzio itaelekea kwake, hamtagongana.

Vile vidoti vya pembeni mwa shingo vya kukuonyesha freti ya 3, 5, 7 sasa viko chini huvioni. Wewe uko saluni, chukua rangi ya kucha, weka nukta upande wa juu, 3, 5, 7, 9 na mbili pale 12. Halafu kata kucha za mkono wa kulia, fupi kabisa, hizo ndo zinazobonyeza sasa, za kushoto ziache kama unazipenda zitakusaidia kuchomoa nyuzi. Na usisahau ile kinga ya plastiki ya kuzuia mikwaruzo imebaki upande wa juu, huku chini piki, kile kiplastiki cha kukung'utia, itakuwa inakula mbao, bandika kipande cha plastiki laini.

Mazoezi, mimi ningeacha kwanza kodi mpya. Bonyeza Em tu, ni vidole viwili, halafu mkono wa kushoto ushuke na kupanda ukiimba pambio lolote unalolijua, usisimame hata ukikosea kubonyeza, acha lilie vibaya lakini mkono usikatike. Ukiona unaweza kuimba na kuongea na mteja huku mkono unakwenda, ndo uweke G. Kosa la wanaoanza wengi ni kusimamisha mkono ili vidole vipange kodi, ndo inakuwa tabia, ndo wanabaki ubeti wa pili wenzao wamemaliza.

Mama mwambie ukweli mmoja tu, kwamba hata mwalimu wa kwaya anapiga kwa mkono wa kushoto, wa kushoto ndo unaobonyeza kodi zote, miaka yote hiyo madhabahuni na hakuna aliyelalamika. Sahani utaendelea kumpa kwa mkono wa kulia kama bibi alivyokufundisha.

Ila lile gitaa la kwaya usilibadilishe nyuzi hata wakikuruhusu, ni la watu wengi. Likizeeka wakataka kununua lingine waombe wanunue la nailoni, na hilo la zamani waulize wanalipeleka wapi.

Anko